Mwanafunzi Wangu wa Ruiru

Mwenzangu aliyepangiwa kwenda Kenya alipata ujauzito wa shida, daktari akamkataza safari, ndipo nikaenda mimi. Vinginevyo nisingekwenda. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, nimeishi Njombe maisha yangu yote, na safari ndefu kuliko zote niliyowahi kufunga ilikuwa ya Dar es Salaam, kwenye msiba. Ushirika wetu wa wakulima wa maparachichi ulitaka mtu akajifunze namna wenzetu wa Thika wanavyoyachambua matunda, wanavyoyapoza na kuyapakia kwa ajili ya ng'ambo. Mwenyekiti aliniambia, "Dada, hapa hakuna mwangalifu kama wewe. Hakuna kitakachokupita."

Niliipokea kama sifa. Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walikufa mapema, nikawalea wadogo zangu, na mtu anayelea watoto akiwa bado mtoto hujifunza kufunga milango. Nilifunga wa mbele, nikafunga wa jikoni, na nikafunga ule mwingine ambao wanaume wawili waliwahi kuubisha, wakachoka, wakaenda kuoa kwingine. Sikuwalaumu. Wakati huo sikujua hata kama nilikuwa ndani.

Kiwanda kilikuwa upande wa Thika, lakini chumba nilitafutiwa Gatongora, Ruiru, ghorofa ya tatu, kwa mama mmoja mjane aliyeishi chini na kuku wake. Siku ya kwanza nilimpigia goti kidogo nikasema, "Shikamoo, mama."

"Nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Wee msichana, hapa tunasema tu habari. Hiyo yako inanifanya nione nimezeeka. Na mbona unasema samahani kila saa? Kwani umekosa nini?"

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba nchi inayosema Kiswahili haiwezi kunifanya mgeni. Kumbe lugha moja inaweza kuwa na vyumba vingi, na mimi nilikuwa nimeingia sebuleni tu. Pale kiwandani, wasichana wa meza ya kuchambua walicheka kwa Kikuyu, walibishana kwa Sheng, na walinielekeza kazi kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anavyomlisha mgonjwa. Nikifungua mdomo, meza nzima ilinyamaza. "Aki unaongea kama mtu anasoma habari kwa redio," aliniambia mmoja wao, na hakuwa na ubaya hata kidogo. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu kwa kuwa na watu wake.

Jumapili zilikuwa mbaya zaidi. Ploti nzima, yaani wapangaji wote wa jengo, ilitoka, watu wakaenda kanisani, kisha kwa shangazi, kwa wakwe, mashambani. Mimi nilifua, nikapanda juu ya paa kuanika, nikabaki nimesimama katikati ya mashuka ya watu wengine nikisikiliza vipaza sauti vya makanisa matatu vikigombania mtaa. Nilipika wali kidogo nikala kwenye sufuria. Dada yangu alipopiga simu nilimwambia mambo ni mazuri, watu ni wakarimu, hali ya hewa kama ya kwetu. Jioni moja nikagundua kwamba tangu nitoke kazini Ijumaa nilikuwa sijatamka neno isipokuwa "asante", kwa mama muuza sukuma wiki.

Ndipo akaja Fundi.

Alikuwa mtu wa vyumba vya baridi, yule anayehakikisha mashine za kupoza hazizimi. Mwanaume mrefu, amenizidi miaka kadhaa, na alivaa kofia ya sufu hata nje kwenye jua. Kiwanda kizima kilimwita Fundi, nami nikamwita hivyo. Mchana mmoja alinikuta nyuma ya ghala nimekalia kreti nakula peke yangu.

"Mwalimu, naweza kaa?"

"Mimi si mwalimu."

"Nimekuskia ukiongea na simu. Nataka unifunze Kiswahili."

Nilidhani naye ananicheka. "Si tayari unakijua?"

"Najua ya kununua spea," alisema, akakaa. "Nataka ya kukaribisha watu."

Akanieleza. Mkewe alifariki miaka michache iliyopita. Binti yake mkubwa alikuwa amepata mchumba, na watu wa mchumba walikuwa wanatoka Mombasa kuja kwa ruracio, yale mazungumzo ya mahari. Wazee wa ukoo wangezungumza mambo ya mila, lakini yeye ndiye baba. Lazima asimame aseme neno la karibu. "Hao watu wa pwani wakisikia vile mimi naongea," alisema, "watafikiri msichana wangu ametoka msituni."

Nilifikiri juu ya jambo hilo siku nzima, kama nilivyofikiri juu ya kila jambo. Kisha nikamwambia sawa, lakini Jumamosi mchana, Ruiru, kwenye mkahawa wenye dirisha kubwa, mahali ambapo kila mtu anatuona. Aliitikia kwa kichwa kama vile masharti hayo yalikuwa ya kawaida.

Tukaanza. Alikuwa mwanafunzi mkaidi.

"Karibuni kwa nyumba yetu," alisema.

"Nyumbani kwetu."

"Nyumbani kwetu. Mikono yetu iko wazi."

"Mikono yetu i wazi. Au acha hivyo hivyo, iko wazi ni sawa."

"Sasa mbona mkono ni wangu na mguu ni wangu, lakini mikono ni yangu? Ni mimi nimebadilika ama ni mkono?"

Nilicheka. Ilikuwa sauti kubwa, na nusura nigeuke nione ni nani. Mhudumu alituangalia, akatabasamu, akaongeza chai bila kuombwa. Fundi naye alinitazama kama mtu aliyesikia mashine aliyokata tamaa nayo ikiwaka.

Basi wiki zangu zikapata kichwa na mkia. Jumatatu hadi Ijumaa nilijifunza baridi ya matunda. Jumamosi nilikaa dirishani nikisahihisha mwanaume mzima. Mama mwenye nyumba alinisimamisha chini ya ngazi siku moja. "Leo umejipaka mafuta," alisema. "Na kitambaa ni kipya. Huyo wako wa Jumamosi ni mwanafunzi ama ni mkaguzi?" Nikasema samahani, akacheka tena, nami nikapita haraka uso ukiwaka moto.

Ruracio ilifanyika nyumbani kwao Ngoliba, kwenye nchi kavu, ardhi nyekundu, mahindi mafupi yaliyokata tamaa ya mvua. Walikuwa wamefunga hema jeupe. Aliponialika nilikataa, kisha nikakubali, kisha asubuhi yenyewe nusura nikatae tena. Nilifika nikapewa kigoda, kisu na beseni la viazi pamoja na wanawake. Kikuyu kilipita juu ya kichwa changu kama ndege. Mara kwa mara mmoja alinikumbuka, akanitupia sentensi ya Kiswahili, kisha mazungumzo yakarudi kwenye njia yake. Dada wa marehemu mke wake alinitazama kwa muda, bila chuki, kama unavyotazama kiti kilichohamishwa mahali pake.

Wageni walipokwisha kukaa, Fundi alisimama. Alikuwa amevua kofia; sikuwahi kuona kichwa chake, kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani.

"Wakwe zetu," alisema, "mmetoka mbali, na mmepita nyumba nyingi nzuri njiani, lakini hamkuingia. Mmeingia hapa. Karibuni nyumbani kwetu. Mtoto tuliye naye ni mmoja kati ya wachache, na mama yake hayupo kuwalaki. Kwa hiyo nawalaki kwa mikono minne, miwili yangu na miwili yake."

Hayo ya mikono minne sikumfundisha mimi. Mama mmoja wa Mombasa aliyejitanda leso alijifuta macho. Mwingine aliuliza kwa sauti, "Huyu baba kasomea wapi?" Fundi akanyoosha mkono kuelekea jikoni. "Mwalimu wangu ni yule pale," alisema, na watu wote wakageuka kunitazama nimeshika kiazi.

Nilijivuna. Na papo hapo, ndani ya kujivuna, kitu kikanichoma. Mwalimu. Ndilo jina nililokuwa nalo pale, na somo lilikuwa limeisha.

Jioni jua likiwa bado lipo alinisindikiza hadi barabarani. Mama yake, mzee mdogo wa mwili aliyesema Kikuyu tu, alikuja naye nusu ya njia, akanishika mkono, akasema jambo. Fundi akatafsiri: "Anasema una mkono baridi."

"Mwambie ni maji ya viazi."

Hakumwambia. Tulipofika barabarani alisema, "Masomo imeisha, Mwalimu. Lakini Jumamosi mimi nitakuja tu."

"Masomo yameisha," nilisema.

"Nitakuja tu."

Alikuja. Sasa tulikutana Thika, tukatembea chini ya miti ya barabara za ndani, tukanunua mananasi ya kukatwa vipande, tukala tumesimama. Siku moja tulipovuka barabara alinishika mkono, na tulipofika ng'ambo hakuuachia. Nilitembea kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa. Niliogopa kuongea nisije nikamkumbusha. Alinifundisha maneno ya Kikuyu, nikayatamka vibaya, akaridhika sana. Usiku nililala nimechoka kwa furaha, na asubuhi niliamka nikijiuliza ni lini itaisha, kwa sababu mwezi wangu wa kurudi Njombe ulikuwa unajulikana na yeye hakuwahi kuutaja.

Nilingoja autaje. Nimekaa maisha yangu yote nikingoja watu waseme, ili mimi niwe mtu wa kukataa au kukubali. Hiyo ndiyo nafasi salama. Mvua ilianza, wiki zikasogea, naye akaongea juu ya kompresa, juu ya binti yake aliyehamia Mombasa, juu ya goti la mama yake. Basi Jumamosi moja mvua ilitufungia kwenye mkahawa wa Thika, tukiwa karibu peke yetu, nikasikia sauti yangu.

"Nikikaa," nilisema, "utanioa?"

Aliweka kikombe chini.

"Wewe ukikaa hapa," alisema, "utakuwa mgeni kwa mama, mgeni kwa kanisa, mgeni kwa watoto. Mimi nimeona vile unakaa. Hata siku ya ruracio nilikuona. Sitaki ukae hivyo miaka yote."

"Hilo si niamue mimi?"

"Ni kweli."

"Basi sema lako, usiseme langu."

Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Naogopa," alisema. "Ile nyumba yangu ya Thika, tangu watoto watoke, nimezoea vile iko. Nikifungua mlango jioni najua hakuna mtu, na nimezoea. Nikizoea wewe, halafu..." Akairudisha kofia kichwani. "Siwezi, Mwalimu. Ungeniuliza kitu kingine."

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Nilikaa nikingoja aibu ifike. Mvua ilipiga mabati, mhudumu akapanga vikombe, na mbele yangu nikamwona mtu mwoga, mtu mzuri ninayempenda, mwoga kabisa. Na mara hiyo mtu huyo hakuwa mimi. Nikamaliza chai yangu. Ilikuwa imepoa. Nikamwambia asante kwa kunijibu, na nilimaanisha. Tuliagana mlangoni, yeye akielekea kwao, mimi kwangu.

Wiki zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko miezi yote iliyotangulia. Tulikutana kwenye vyumba vya baridi kila siku, tukasalimiana kwa heshima, mvuke ukitutoka midomoni. Wasichana wa mezani walijua. Hawakusema, ila yule wa redio alianza kunisogezea chapati yake mchana bila maneno. Jumamosi zilirudi kuwa kama Jumapili. Nililia mara nyingi, hasa nikiwa nafua, kwa sababu mikono ikiwa na sabuni huwezi kujifuta na basi unaacha.

Jumamosi yangu ya mwisho nilichoka na paa. Nikaenda peke yangu kwenye maporomoko ya mto kule nje ya Thika, ambako Fundi alikuwa ameahidi kunipeleka. Mimi sijui kuogelea na sipendi maji yanayopiga kelele. Kijana wa pale wa kuvusha watu aliniuliza, "Uko na nani, madam?"

"Niko mwenyewe."

"Na unataka kuvuka?"

Nikavua viatu. Mawe yalikuwa yakiteleza na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Katikati nilisimama, sketi imelowa hadi magotini, nikipiga kelele ambazo hazikusikika kwa sababu ya ngurumo, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilitamani angekuwepo. Nilitamani sana. Kisha nikavuka kipande kilichobaki.

Niko Njombe sasa. Ghala letu la baridi limesimama, na mimi ndiye ninayelisimamia. Fundi hupiga simu baadhi ya Jumapili. Mara nyingine napokea, mara nyingine naacha iite. Mwaka huu niliwaambia ushirika wanitume Zambia kwa mafunzo mengine, na mwenyekiti akashangaa kwamba niliomba mwenyewe. Jioni bado napika wali kidogo. Lakini dada yangu akipiga simu na kuuliza hali, siku hizi namwambia: leo nina upweke, dada, kaa kidogo tuongee.