Jina Chini ya Kila Ukurasa

Mtengeneza tovuti huchapa kwa vidole viwili, na akimaliza mstari huvipuliza kana kwamba vimeungua. Hachoki kumweleza mfagiaji kazi yake ya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: "Kichwa na mguu wa ukurasa naviandika mara moja tu, shangazi. Kurasa zote arobaini zinaazima hapo. Kurudiarudia ni kazi ya punda." Mfagiaji huguna. Amefagia ofisini hapo miaka kumi na tano, na meneja amekataa kumweka kwenye ukurasa wa wafanyakazi, eti ni wa waliosoma.

Jana mtengeneza tovuti alimfungulia ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Chini ya kila mmoja pameandikwa: "Usafi wa ofisi: Shangazi."

"Na ule wa waliosoma?"

Akapuliza vidole. "Nao unaazima hapohapo."

Mfagiaji akaegemea ufagio. "Hebu ufungue huo."