Bei ya Bastola Iliyopakwa Samli

Mwaka 2015 nilikuwa naishi Louisville, huku Marekani. Kazi yangu ilikuwa kufunga maboksi ghalani, na baada ya kazi nilikuwa nawapatania watu bei. Hiyo ya pili sikuiomba. Wakongomani wenzangu waliniona nikirudisha friji dukani mara mbili, na mara zote nikatoka na nzuri kuliko ile ya kwanza, wakaamua mimi ni fundi wa maneno. Gari, kochi, mashine ya kufulia, niliitwa. Bastola nilikuwa sijaitiwa bado.

Aliyenipigia simu alikuwa mjane wa rafiki yangu. Alikaa Hilliard, pembeni mwa Columbus, na alifanya kazi ya kuhudumia wazee. Mumewe alimwachia rivolva, ile bastola yenye gurudumu la risasi, ambayo hakuwahi kuipiga hata mara moja. Sasa dada yake aliyeko Buffalo, kule East Side, alikuwa amempatia nyumba. Mwenye nyumba alitaka amana, gari la kuhamia lilitaka pesa yake, na kitu cha kuuza kilichobaki kilikuwa hicho kimoja.

"Shemeji, njoo uniangalilie. Wale wa duka la bunduki watanila mzimamzima."

"Usiionyeshe mtu mpaka nifike."

Nilikuwa nimezoea kutafuta visingizio vya kupanda basi la Columbus. Safari hii nilipewa sababu halali, na sababu yenyewe ilikuwa kumsaidia aondoke. Hilliard naweza kwenda Jumamosi nikarudi Jumapili, kazini wasijue. Buffalo ni mbali mno, siwezi. Kila dola nitakayoiongeza itamsogeza kaskazini. Nilipiga hesabu hiyo njiani, nikairudia, jibu likawa lilelile.

Kabla ya kusafiri nilikuwa nimezunguka kwenye maonyesho ya bunduki pale Louisville, nikiuliza meza kwa meza kama mtu mwenye pesa. Nilijifunza kwamba bei iliyobandikwa ni ndoto ya muuzaji, na kwamba duka likinunua hulipa nusu yake na kitu kidogo juu. Unamulika mtutu kwa tochi, unatikisa gurudumu uone kama limelegea, unatafuta kutu karibu na mpini. Ya shemeji, ikiwa nzima, ilistahili dola mia mbili.

Aliifungua kutoka kwenye kitenge, juu ya meza ya jikoni. Nilihakikisha haina risasi, nikahakikisha tena. Mtutu ulikuwa safi. Lakini gurudumu liligoma kuzunguka.

"Imekufa?"

"Twende dukani. Usiseme kitu, na usitoe sura ya mtu mwenye shida."

"Bon, nitoe sura ya nani?" aliuliza, akichanganya na Kifaransa cha kwetu.

Mwenye duka alilisukuma gurudumu kwa kidole, akatikisa kichwa. Imeharibika ndani, alisema, atatoa themanini, aitoe vipuri. Shemeji akanitazama. Themanini ilikuwa bei ya kubaki Columbus.

Niliichukua niitazame karibu na mpini, na pua ikatangulia macho. Samli. Samli ya zamani, iliyochacha, kama ngozi za kulalia kule kwetu milimani, kama kibuyu cha kusukia maziwa mlangoni kwa mama. Miaka mingi sikuwa nimeinusa. Nilimwona rafiki yangu amekaa, kitambaa mkononi, anaisugua bastola ya Kimarekani kama unavyosuguliwa mkanda wa ngozi. Nilitamani sana kumtukana.

"Shemeji, alikuwa anaipaka nini?"

"Samli. Kila Jumapili tukitoka kanisani. Alisema chuma nacho kinakauka."

Nikamgeukia mwenye duka. "Bwana, hii haijafa. Imeshiba."

Ilibidi nimweleze polepole, kwa Kiingereza changu cha ghalani. Alicheka mpaka akashika kaunta, akaleta dawa ya kusafishia na kitambaa. Utando wa njano ukatoka, gurudumu likazunguka, tik, tik, tik. Akapanda hadi mia na sabini. Nikamwonyesha mtutu ambao mwenyewe hakuwahi kuutoa moshi, nikataja mia mbili na thelathini, nikatazama mlango. Tulimalizana kwa mia mbili na kumi. Ilikuwa bei ya haki, na sikumbuki biashara nyingine iliyoniuma hivyo.

Tuliporudi kwake alinisogezea noti ya ishirini.

"Ya miguu yako."

"Sitaki."

"Donc unataka nini? Sema, shemeji."

Sijawahi kukosa bei ya kuanzia. Hapo niliikosa.

"Chai," nikasema.

Akatazama jiko tupu, akacheka. Vyombo vyote alikuwa amekwisha kuvifunga. Akapasua boksi moja, akapekua, akapasua la pili, huku akinisimulia baridi ya Buffalo kama alivyosimuliwa na dada yake. Mimi sufuria nilikuwa nimeiona kwenye lile boksi la kwanza, chini ya mataulo. Nikanyamaza, akaendelea kutafuta.