Maneno ya Watson Yaliyochelewa Saa Nzima

Dada yangu Rozi anachapa barua na kutoa kopi kwenye stationari ya mzee Raphaeli, hapa Tunduma. Wateja wakipungua, hukaa mbele ya kompyuta moja ya kizee, isiyoweza kufungua hata WhatsApp, akaiandikia programu yake ya kuchati. Haina picha. Ni skrini nyeusi tu: unaandika mstari, unabonyeza, nao unavuka mpaka bila kugongewa muhuri hadi Nakonde, Zambia, kwa binamu yetu Watson. Mimi nikiitazama naona anga lisilo na nyota bado.

"Kazi ni kuifanya isikilize huku inaongea," aliniambia. "Kama wewe mezani."

Jumamosi mzee Raphaeli akapata mteja wa ile kompyuta.

"Rozi mwanangu, ikiongea na Nakonde kabla ya saa kumi, inabaki. Isipoongea, mteja anabeba."

Rozi akaandika: *Watson, upo?* Kimya. Akarudia. Kimya. Nje foleni ya malori ilikuwa kama imesinzia juani. Mara Watson akapiga simu.

"We Rozi, unaniringia? Nimekujibu mara sita!"

"Wapi? Sioni hata nukta."

"Mbona mie nakupata? Fanya chap, saa nane na nusu hii, nshima inapoa sahanini."

Rozi akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Akajishika kichwa, akacheka.

Sisi wa Tunduma mtu akikuahidi saa nne, lazima umuulize: ya huku au ya Zambia? Programu haikuuliza. Rozi alikuwa ameiagiza iutupilie mbali ujumbe wowote ulioandikwa kabla hajaifungua, na kila neno la Watson lilifika likionekana la saa nzima iliyopita. Likatupwa.

Akafuta agizo lile. "Yapangwe yanavyofika, basi."

Tukangoja. Kwenye weusi ule yakachomoza maneno, yakianza na salamu ya kwao: *Mulishani! Nani alikuwa anakula maneno yangu?*

Nilihisi kama dirisha limefunguliwa ukutani.

Mzee Raphaeli akavaa miwani, akavuta kiti, akachapa kwa kidole kimoja: *MSALIMIE DADA YANGU TABITA.* Ameolewa hukohuko, nyumba ya pili kutoka kwa Watson.

Baada ya muda: *Nimemwita, huyu hapa. Anauliza, bado unakoroma?*

Mteja alipoingia saa kumi, alimkuta mzee anatafuta herufi K.

"Samahani bwana," alisema bila kugeuka, "naongea na dada."