Nyumba Namba Kumi na Nne

Johnstone Omollo alifika Eldoret mwaka wa tisini na nne akiwa na cheti cha ufundi wa stima alichopata Kisumu. Binamu yake aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo alimpa mahali pa kulala mtaani Langas. Baada ya mwaka mmoja wa kurekebisha pasi na redio za majirani, Omollo aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja pale mjini. Hakuondoka tena. Wanafunzi aliowaonyesha jinsi ya kushika multimita ya kupimia stima walienda masomoni, wakarudi wakiwa madaktari, wakawa wakubwa wake. Yeye alibaki na koti lake la bluu. Hakulalamika. Mkewe, Awuor, ndiye aliyelalamika kwa niaba yake.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Githinji. Mwaka wa 2021 Daktari Githinji aliingia maabara akiwa na furaha usoni. Chuo chao, pamoja na kingine cha ng'ambo na kingine cha Afrika Kusini, vilikuwa vimepata ufadhili wa kuchunguza mitandao ya stima ya siku zijazo.

"Ni gridi inayofikiri, Mzee," Githinji alieleza. "Kila nyumba inapata mita inayoongea na kompyuta yetu. Tunaweka sola na betri moja kubwa katikati ya kijiji. Stima ikipotea, gridi yenyewe inaamua nani apewe kwanza."

"Na watu wataelezwa na nani?"

"Wewe. Mimi nikienda na slaidi zangu watalala."

Walichagua Kapsirgoi, centre ndogo ya maduka na wakulima wa mahindi kando ya barabara ya Moi's Bridge, ambapo stima ilikuwa ikipotea mara mbili tatu kwa wiki. Omollo alizunguka nyumba kwa nyumba kwa miezi miwili. Alijua Kikalenjin cha kutosha kusalimia na kuchekwa, na watu walimpenda kwa hilo. Alikunywa mursik, maziwa yao ya mgando, kila boma, akaeleza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya ziwani kwamba mita hizi hazipelelezi mtu, kwamba waya wa zamani hautaguswa, kwamba wakati wowote mtu anaweza kukataa. Nyumba sitini na tatu zilikubali. Nyingine zilitia sahihi kwa sababu ya utafiti, nyingi kwa sababu ya Omollo.

Nyumba namba kumi na nne ilikuwa ya Mzee Kiplimo na mkewe Chepkorir. Kiplimo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye maghala ya mahindi Moi's Bridge, akipakia na kupakua magunia kwenye vumbi, na vumbi hilo lilikuwa limemaliza mapafu yake. Sasa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mpira mwembamba puani, umeunganishwa na mashine ya oksijeni aliyonunuliwa na watoto wake. Mashine ilinguruma mchana kutwa. Stima ikipotea ilinyamaza, na Chepkorir alikimbilia mtungi mdogo uliojazwa hospitalini Plateau, ambao haukumaliza hata asubuhi moja.

"Hiyo gridi yako," Kiplimo alimuuliza Omollo siku ya kwanza, akivuta pumzi kati ya maneno, "inajua mimi ni mgonjwa?"

"Nitaiambia, Mzee."

Aliiambia kweli. Kwenye orodha ya wanaopewa kwanza, Omollo alisisitiza namba kumi na nne iwe ya kwanza kabisa, mbele ya duka la dawa na friji za maziwa. Mtafiti mmoja wa ng'ambo, mwanamama mpole, alisema kwenye mkutano wa video kwamba nyumba hiyo ilikuwa mfano mzuri sana kwao, kwa kuwa ilitumia stima bila kupumzika.

Agosti ya 2023 radi ilichoma transfoma. Kapsirgoi ilikaa bila stima siku tisa. Kwa siku hizo tisa betri na sola viligawana mzigo vyenyewe: nyumba nyingine zilipata taa ya jioni tu, duka la dawa likapata masaa kadhaa, na mashine ya Kiplimo haikuzima hata dakika moja. Siku ya kumi Omollo alipofika, mzee alikuwa amekaa nje kwenye jua, mpira mrefu ukipitia dirishani hadi puani.

"Omollo," alisema, "kaa hapa nikuangalie tu."

Omollo alirudi mjini siku hiyo akamweleza Awuor kwamba sasa hata akistaafu kesho hatajuta. Awuor, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alisema ni sawa, wamepata kitu.

Mapema 2025 barua pepe ilikuja. Serikali ya nchi ya wale washirika wa ng'ambo ilikuwa imekata fedha za utafiti, na mradi ungefungwa mwisho wa Machi. Mkutano wa video uliitishwa. Yule mwanamama mpole alijaribu kueleza, kisha akazima kamera yake. Githinji alisema baadaye kwamba mwanamama huyo naye alikuwa amepoteza kazi.

"Sawa, hakuna pesa mpya," Omollo alisema. "Lakini betri iko pale. Sola iko pale. Si tuwaachie?"

Githinji alifuta miwani yake. "Vifaa si vyetu, Mzee. Viko chini ya bima ya mradi. Bima ikiisha, betri ile ikishika moto, ni nani atajibu? Nimeuliza mwanasheria wa chuo. Amesema kila kitu kitolewe."

"Tuache nyumba moja."

"Mzee."

"Moja tu, Daktari. Unajua ni gani."

"Najua. Niliandika barua tatu." Githinji alionyesha kompyuta kama vile majibu yalikuwa yamekaa pale. "Nyumba moja inahitaji betri nzima."

Omollo aliomba kazi ya kutoa mita apewe yeye. Kama ni kuzimiwa, watu wazimiwe na mtu wanayemjua. Jambo hili alilijutia. Kila mlango aliofungua, walimpa chai kama zamani, na kila mlango walimuuliza kosa lao lilikuwa nini. Alisema hakuna kosa. Wengine hawakumwamini. Mwenye duka la dawa alimwambia wazi kwamba walitumiwa kama panya wa maabara.

Nyumba namba kumi na nne aliiacha ya mwisho. Alikuja na sanduku alilotengeneza mwenyewe kwa wiki mbili: betri mbili za gari, zilizotupwa na idara, na inveta ndogo ya kugeuza stima yake iendeshe mashine. Alimwonyesha Chepkorir namna ya kuliwasha.

"Litashika masaa matatu," alisema. "Labda matatu na nusu."

"Na ikifika masaa manne?" Chepkorir aliuliza.

"Mama, mtungi uwe umejaa kila wakati. Na uwe na namba ya mtu mwenye gari."

Kiplimo alikuwa akisikiliza. "Ng'oa tu," alisema. "Usiogope. Uliahidi utaiambia gridi, na uliiambia."

Omollo alifungua skrubu nne za mita. Mikono yake, iliyokuwa imefunga maelfu ya skrubu kama hizo, iliangusha moja chini ya kabati. Hakuitafuta.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Mti wa bluegum uliangukia nyaya upande wa juu wa Kapsirgoi, stima ikapotea asubuhi ya Jumanne. Chepkorir aliwasha sanduku la Omollo. Lilipoisha alifungua mtungi. Akapiga simu kwa jirani mwenye pikapu, ambaye alifika lakini akanasa kwenye matope karibu na daraja la chini. Wanaume walisukuma. Mzee Joseph, jirani mwingine, alileta trekta. Walipofika barabara ya lami mtungi ulikuwa umeisha. Kiplimo alifariki mchana huo huo ndani ya pikapu, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mkewe, kabla hawajafika hospitali yoyote.

Omollo alienda mazishini na Awuor. Alimwendea Chepkorir. Chepkorir ndiye aliyeanza kuongea.

"Box yako ilifanya kazi," alisema. "Masaa matatu na dakika ishirini. Niliangalia saa."

"Pole, Mama."

"Nakuambia tu ndiyo ujue." Alikaza lesso yake. "Mimi nilikuwa nimesahau jinsi ya kuishi na stima inayopotea. Zamani mtungi ulikuwa umejaa siku zote, na nilikuwa nimelipa huyo wa pikapu akae tayari. Miaka mitatu ikanisahaulisha. Mtungi ulikuwa nusu, Omollo."

Awuor alimshika mkono Omollo wakaenda kukaa nyuma kabisa, chini ya turubai.

Novemba, makala ya utafiti ilitoka kwenye jarida la ng'ambo. Githinji alimletea Omollo nakala iliyochapishwa. Ukurasa wa tisa ulikuwa na mchoro wa nyumba namba kumi na nne: mstari ulionyooka, mwezi baada ya mwezi, kisha nafasi tupu. Chini yake iliandikwa kwamba data iliishia hapo kwa sababu ya kufungwa kwa mradi. Katika shukrani jina lake lilikuwepo, limepungukiwa na herufi moja. Omollo alisoma ukurasa wa tisa akiwa amesimama, akarudisha makala.

"Ni kazi nzuri," alisema, na hakuwa akidhihaki. Ilikuwa kazi nzuri.

"Kuna mfadhili mwingine," Githinji alisema polepole. "Miezi kumi na minane. Tunaangalia centre moja karibu na Timboroa. Ningependa uende kuongea na watu."

"Hapana, Daktari."

Githinji hakumsukuma. Kazi alipewa Nangila, fundi mpya, msichana mchangamfu kutoka Bungoma aliyemheshimu Omollo kupita kiasi. Siku moja kabla ya safari alikuja na daftari kwenye meza yake.

"Mzee, wanasema Kapsirgoi wote walikukubali. Uliwaambia nini?"

Omollo alikuwa akifunga waya kwenye kibao cha mazoezi ya mwaka wa kwanza. Aliendelea kufunga.

"Waambie itaisha lini," alisema. "Kabla ya kitu kingine chochote, waambie tarehe. Na wenye wagonjwa, waambie wasiache mipango yao ya zamani."

Nangila aliangalia fomu zake, akageuza ukurasa wa kwanza, kisha wa pili.

"Hakuna mahali pa kuandika hiyo," alisema.

"Waambie kwa mdomo."

Alisema atawaambia. Ijumaa ya wiki iliyofuata alirudi kutoka Timboroa, buti zimejaa udongo, akiwa na fomu hamsini na mbili. Zote zilikuwa zimetiwa sahihi, na hakuna fomu iliyoonyesha kama waliambiwa tarehe.