Nafasi ya Delphia Kwenye Gogo

Estill Stacy alizikwa siku ya Alhamisi, na kabla chungu cha maharage ya matanga hakijapoa, ndugu yake Hobart alikuwa ameshaiteremsha bunduki kutoka ukutani. Hakuomba. Alipanda juu ya kiti cha jikoni na viatu vyake vya matope, akaitungua, akaikumbatia, akasema mbele ya waombolezaji wote, "Hii ilikuwa ya baba yetu. Inarudi kwenye damu."

Delphia, mjane, alikuwa amebeba sahani za watu. Mwanamke aliyeendesha basi la shule miaka nenda rudi kwenye milima hii ya Kentucky, akalinyamazisha basi zima la watoto wa Lick Fork kwa jicho moja la kwenye kioo, huyo hakosi maneno. Lakini mume hata hajatulia kaburini, na nyumba imejaa watu. Akachukua tambara, akakifuta kiti.

Hobart angeishia hapo, labda mambo yangeishia hapo. Lakini kuna watu ukiwapa shubiri wanachukua pima.

"Na ile nafasi ya gogoni, shemeji," akasema, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wanapokuibia, "usijisumbue nayo. Nitaisimamia mimi."

Hapo ndipo Delphia alipoweka sahani chini.

Kila mwaka majani yanapogeuka mekundu, watu wa Lick Fork huchinja fahali nyuma ya kituo cha wazimamoto wa kujitolea na kuishindania nyama yake kwa shabaha. Gogo la mwaloni limelala pale tangu enzi za babu zao, na wapigaji hulala nyuma yake na kuegemeza bunduki juu. Kila nyumba ina nafasi yake kwenye gogo. Nafasi haiuzwi, na haishikiliwi kwa maneno: siku ikifika, mtu wa nyumba hiyo aje na bunduki yake mwenyewe. Kuazima ni mwiko. Nyumba ikikosa mtu au ikikosa bunduki, nafasi inapewa mwingine na hairudi tena. Hobart aliipoteza ya kwake alipokwenda Ohio kutengeneza magari. Amerudi na pensheni na tumbo, na sasa anaitaka ya marehemu.

Delphia alikuwa amesimama nyuma ya nafasi ile kila mwaka, akimshikia mumewe kikombe cha kahawa. Alijua Estill anavuta pumzi wapi na anaiachia wapi. Alijua kila kitu isipokuwa kupiga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia, "Haya, na wewe jaribu." Hata Estill, Mungu amrehemu, hakumwambia.

Wiki iliyofuata akaingia dukani kwa Arvil Neace, anayeuza majembe, ndoano, mbegu za viazi, na bunduki mpya na kuukuu.

"Bi Delphia! Pole tena na msiba. Nikupe nini?"

"Bunduki."

Arvil akacheka, kisha akauona uso wake, akaacha. Akainama chini ya kaunta akatoa kitu cha rangi ya waridi.

"Hii nyepesi. Akina mama wanaipenda."

"Arvil, mimi ndiye niliyekupeleka shule. Ulitapika kwenye basi langu darasa la pili, nikaosha. Usinionyeshe peremende."

"Haya, samahani, samahani." Akageukia ukutani, akashusha bunduki nene ya kuwindia paa, na darubini juu yake ndefu kama chupa. "Basi hii ndiyo yenyewe. Mume wako angeipenda."

Delphia akaipokea. Nzito. Kitako chake kirefu, mkono ulilazimika kunyooka mpaka bega likalalamika. "Risasi zake kiasi gani?"

Arvil akamtajia. Sanduku dogo tu lilikuwa bei ya chakula chake cha wiki.

"Kwa hiyo nitapiga mara ngapi kabla sijauza basi?"

"Si lazima upige sana. Darubini inakusaidia."

"Mimi sitafuti wa kunisaidia. Natafuta wa kunifundisha."

Akaonyeshwa nyingine, inayojipakia risasi yenyewe, unafyatua tu taptaptap. Akaikataa pia. Alijijua: mtu mwenye hasira akipewa risasi kumi za harakaharaka, zote kumi zitakwenda porini. Kununua ng'ombe si kazi, kazi ni kumlisha, na yeye alitaka mnyama anayekula kidogo na kufanya kazi sana.

Akaiona kwenye kona, kati ya mafagio. Bunduki ya kipimo cha ishirini na mbili, zile ndogo ambazo watu wa hapa huwapigia kindi, ya kukoki kwa mkono risasi moja moja. Mbao za kitako zilikuwa zimekwaruzwa, na mtu alikuwa amechora herufi zake kwa kisu.

"Hiyo?" Arvil akakunja pua. "Hiyo ya watoto, Bi Delphia. Wanaanzia hapo."

"Na mimi naanzia wapi?"

Akaifungua mwenyewe, akatazama, akaingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi. Akamwambia Arvil alete tochi, wakachungulia ndani ya mtutu: mistari ya kuizungusha risasi ilikuwa safi, hakuna kutu. Kisha akafanya jambo ambalo Arvil alilisimulia baadaye kila kona. Aliielekeza kwenye ukuta mtupu wa nyuma, akafumba macho, akaiweka begani kama anavyoona raha, shavu juu ya mbao, akafumbua. Ncha ya chuma ya mbele, ile ya kulengea, ilikuwa imekaa katikati ya tundu la nyuma, bila kuvutwa wala kusukumwa. Akarudia, na tena. Kila akifumbua, ncha imo ndani.

"Hii imenikubali," akasema. "Tuongee bei."

Waliongea. Arvil alishindwa. Pesa iliyobaki yote akainunulia risasi, masanduku kwa masanduku, na zile ndogo ni rahisi, mfuko wa karatasi ukajaa mpaka ukapasuka mlangoni.

Basi, kazi ikaanza. Nyuma ya nyumba kuna ngema ya udongo, mlima mzima nyuma yake, risasi haina pa kwenda. Delphia aliegemeza ubao, akabandika sahani za karatasi, akalala juu ya zulia kuukuu. Siku ya kwanza hakuna sahani iliyoguswa. Aliinuka na nyasi kwenye nywele, akailaani bunduki, akamlaani Hobart, akamlaani na Estill kwa kufa kabla ya zamu yake ya kufundisha. Halafu akalala chini tena.

Kwenye kituo cha mafuta wanaume wa Lick Fork walimsubiri.

"Mama Delphia, tumesikia vita huko kwako. Mlima umekufa?"

"Bado unapumua. Njoo usimame mbele yake, unisaidie."

Walicheka, na yeye alicheka, lakini akifika nyumbani hakuwa anacheka. Alipiga asubuhi baada ya basi la kwanza na alasiri baada ya basi la mwisho. Polepole akagundua kwamba bunduki ndogo haikuachii pa kujificha. Haina kishindo cha kukutisha wala teke la kusingizia. Ukikosea, umekosea wewe: kidole kimevuta kwa pupa, au pumzi imeinuka, au ulikuwa unamfikiria Hobart. Alijifunza kufyatua kama mtu anayekamua chuchu ya ng'ombe mwoga. Sahani zikaanza kutoboka pembeni, kisha ndani. Siku moja matundu matatu yakagusana. Alikaa chini akalia, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwita aje aone.

Majani yalipoanza kugeuka, Hobart akaja. Akasimama chini ya ngazi za baraza, kofia mkononi.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Kiti chako kile pale, ila leo vua viatu."

Hakukaa. Akazunguka zunguka, hali ya hewa, bei ya makaa ya mawe, mwisho akatapika lililokuwa moyoni. "Ile bunduki ya baba. Inakwenda kulia. Estill alikuwa anailengaje?"

Delphia alijua. Miaka yote ile ya kahawa, alimwona Estill akiihamisha kushoto, kiasi cha upana wa kidole, kwa sababu baba yao aliwahi kuanguka nayo mtoni na ncha ikapinda. Ingenyooshwa kwa nyundo ndogo na dakika chache. Lakini watu wa Lick Fork hawagusi ncha ya bunduki ya marehemu. Kwao ni sawa na kufuta jina kwenye kaburi. Estill hakuigusa, na Hobart hataigusa, hata kama ingekuwa inapiga nyuma.

"Si ulisema ni ya baba yenu?"

"Ndiyo."

"Basi muulize baba yenu."

Hobart akawa mwekundu mpaka masikioni. "Shemeji, wewe ni mjane. Kaa na heshima yako. Watu wanakuchekea na hicho kibunduki cha kindi."

"Heshima yangu nimeikalia sana, Hobart, mpaka imenifia ganzi. Sasa nataka kuilalia, na gogo liko mbele yangu. Kwaheri."

Siku ya fahali, nyuma ya kituo cha wazimamoto palijaa magari, moshi na harufu ya kahawa. Clell Noble, mkuu wa wazimamoto, ndiye mwamuzi. Alipofika nafasi ya Estill akakuta watu wawili, Hobart na bunduki ya baba, Delphia na ya kwake.

"Huyu si mpigaji," akasema Hobart. "Na hiyo si bunduki."

Clell akaichukua ya Delphia, akaigeuza, akamrudishia. "Kanuni inasema bunduki yako mwenyewe. Haijasema kubwa."

"Mimi ni damu ya Estill!"

"Na yeye ni nyumba ya Estill. Gogo linahesabu nyumba." Clell akakuna kidevu, kwa maana hakupenda ugomvi siku ya nyama. "Nafasi ni moja, mnaitaka wawili. Mtapiga wote hapo hapo, mmoja baada ya mwingine. Atakayekuwa karibu zaidi na msalaba wake ndiye mwenye nafasi, leo na kesho. Mmekubali?"

"Nimekubali," akasema Delphia, kabla Hobart hajafunga mdomo.

Kila mpigaji huleta kipande cha ubao kilichounguzwa moto kikawa cheusi, akachonga msalaba juu yake kwa kisu chake. Risasi moja tu.

Hobart akatangulia. Alikuwa amepiga mazoezi kidogo mno, maana risasi za bunduki ile zina bei ya kuumiza. Alijua inakwenda kulia, hakujua kwa kiasi gani. Akakisia. Kishindo kikatikisa vikombe. Ubao ukaletwa: tundu lilikuwa pembezoni kabisa, kushoto. Alikuwa ameisahihisha kupita kiasi. Watu wakaguna, hakuna aliyecheka, maana ilikuwa bunduki ya mzee wao.

Delphia akalala nyuma ya gogo. Hobart alikuwa bado amemjaa kichwani, tusidanganyane. Nyuma yake mtu akanong'ona, "Masikini, arudi tu nyumbani," na hilo ndilo lililomtuliza. Akafumba macho, akafumbua. Ncha ilikuwa imo ndani ya tundu. Akaachia nusu ya pumzi. Akamfuta Hobart kichwani kama alivyokifuta kile kiti, akakamua.

Ulisikika mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti.

Clell akauleta ubao. Aliupitisha kwa watu waone. Tundu dogo lilikaa kando ya msalaba, umbali wa punje moja ya mahindi.

"Nafasi ni ya Delphia," akasema.

Hakuwashinda wote. Walikuwepo wanne waliomzidi, watu waliozaliwa na bunduki mkononi, na hao wakachukua mapaja na mabega ya fahali. Delphia akapata robo ya tano, yaani ngozi na mafuta. Kicheko kikalipuka, maana robo ya tano ni ya kuchekwa. Anayeipata hufanya mzaha, huinua mikono na kuwaachia wazimamoto waiuze.

"Hongera, shemeji!" Hobart akapaza sauti, amepata pa kushika. "Umekesha miezi yote hiyo kwa ajili ya ngozi!"

"Iko wapi?" akauliza Delphia.

"Nini?"

"Ngozi yangu. Iko wapi?"

Wakamwonyesha. Ilikuwa mbichi, nzito, bado ina joto. Clell akasogea kumsaidia, akamkatalia. Akaitupia begani, damu ikamchuruzika kwenye koti lake zuri la kanisani, akapita nayo katikati ya watu, na watu wakapisha. Kicheko kilikufa kidogo kidogo kila alipopita. Alipofika gogoni akaitandaza juu ya nafasi yake, manyoya juu, akaipiga makofi ilale vizuri. Kisha akaketi juu yake, bunduki tupu imefunguliwa mapajani, akatoa kipande cha mkate wa mahindi mfukoni, akaanza kula.

Magari yakaanza kuondoka. Nyama ikapakiwa. Hobart alikuwa bado amesimama, bunduki ya baba yake imemning'inia mkononi, hajui aende au abaki. Mwisho akakohoa.

"Shemeji, ukimaliza kukaa hapo, tuongee kidogo. Mambo ya mwaka ujao."

Delphia akatafuna, akameza, akafuta makombo kwenye ngozi.

"Sijamaliza kukaa," akasema.