Nilibandua stika ya mgeni rasmi ili nikaze injini ya ndege

Niliibandua kwa kucha. Mbele ya mgeni rasmi, mbele ya simu zote zilizokuwa zinarekodi.

Wakuu, habari za humu. Kama mmeona clip ya "binti aliyechana picha ya mheshimiwa" inayozunguka kwenye magroup, ndiye mimi. Kwanza si binti, ni mama wa mtoto wa miaka miwili. Pili, clip haionyeshi kilichokuwa chini ya ile stika. Naandika yote, na palipo na kosa langu nitasema.

Nina form four. Baada ya kujifungua nilikaa nyumbani, kisha nikapata nafasi kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Dodoma. Karakana yetu ikaletewa kazi ya kuunda ndege ndogo ya rimoti, ya kufukuza kwelea kwelea kwenye mashamba ya mtama.

Msiidharau kwa kuwa ni ndogo. Inatumia injini ya mafuta. Propela ikishika kasi huioni, unaona ukungu tu, na ukipeleka kidole unakipoteza kama bamia.

Mimi nilipewa kufunga injini na cowl, lile kava la pua.

Kava linasumbua, kwa sababu tundu lazima likutane na kichwa cha injini na sindano ya kabureta, na ukishavalisha huoni ndani. Nilibandika kipande cha boksi la biskuti ubavuni mwa ndege, nikakata matundu kufuata injini. Nikakikunja nyuma, nikatoa injini, nikavalisha kava, nikakirudisha juu yake na kuchora. Tundu lilikuja sawasawa. Hakuna aliyenifundisha hiyo.

Ila hili nilifundishwa: injini mpya ikishawashwa mara ya kwanza, unafungua kava unakaza upya skrubu nne zinazoshika injini. Mtetemo unalegeza. Aliyetufundisha ni mwalimu wetu wa karakana, mwenyewe, kwa chaki, ubaoni.

Kumbukeni hilo.

Asubuhi ya sherehe ya kuizindua tuliiwasha pale karakana, ikalia vizuri. Nikaiacha ipoe, nikaenda kunawa.

Narudi, nakuta stika kubwa yenye picha na jina la mgeni rasmi imezungushiwa pua. Imefunika maungio ya kava pamoja na skrubu zake.

"Mwalimu, sijakaza injini."

"Utakaza baada ya sherehe."

"Baada ya sherehe itakuwa imesharuka."

"Stika ni hiyo hiyo moja. Unataka tuchane uso wa mheshimiwa? Wewe kwenu wapi?"

"Kondoa."

"Basi nenda kanywe chai, wa Kondoa."

Wenzangu wakacheka. Kosa langu liko hapa, wakuu. Niliiacha stika pale. Nilikwenda kunywa chai kweli.

Sherehe ilikuwa uwanja mmoja kule Ihumwa. Upepo na vumbi kama mnavyolijua. Wageni wakawekewa viti vya mbele, na watoto wakakalishwa kwenye turubai mbele ya wageni ili wasizibe. Ndege ikawekwa hatua chache kutoka hapo, ubavu ukiwatazama. Yaani wamekaa kwenye mstari wa propela, mahali ambapo kitu kikikatika ndiko kinakoruka.

Kwenye turubai hilo alikuwa mama yangu, aliyekuja na basi toka Kondoa kuniona, na mwanangu Rehema mapajani mwake.

Nikamwomba mwalimu wahamishwe. Akasema picha zitakosa watoto.

Akaiwasha.

Injini iliyofungwa vizuri ina sauti moja. Hii ilikuwa na sauti nyingine ndani yake, kama kijiko kinachotembea kwenye sufuria tupu. Wale waliocheka asubuhi waliisikia pia, nikawaona wanatazama viatu vyao.

Mwalimu akapiga resi ili wageni wasikie. Ule ukungu wa propela ukaanza kuwa na kingo mbili. Rehema akaniona, akanipungia mkono.

Nikapita nyuma ya bawa, nikabana mpira wa mafuta hadi injini ikazima.

Mwalimu akainama, huku anawatabasamia wageni, akaniambia taratibu, "Toka hapo. Nenda kalee mtoto."

Nilikuwa ninalea mtoto, wakuu. Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya pale.

Hapo ndipo nikabandua. Nikachukua bisibisi, nikafungua kava. Ndani yake kulikuwa na skrubu moja ya injini imedondoka, imelala chini ya kava. Ya pili niliitoa kwa vidole. Injini ilikuwa imeshikwa na mbili zilizobaki, nazo zinacheza.

Nikampelekea mgeni rasmi ile iliyodondoka. "Shikamoo mheshimiwa. Hii ilitakiwa iwe imeshika injini."

Akaigeuza kiganjani. Akaangalia turubai. Akasema, "Hao watoto watolewe hapo." Akanirudishia. MC akaweka muziki.

Mama alinilaumu. "Umemwaibisha mwalimu wako mbele za watu." Lakini alipoishika ile skrubu alimfunga Rehema mgongoni, na kwenye lile turubai hakurudi.

Jumatatu nikapewa barua. Nimesimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu na uharibifu wa stika. Neno skrubu halimo.

Nilichojifunza: heshima haikazi skrubu. Ningebandua asubuhi, karakanani, bila watu, mwanangu asingekaa pale hata dakika moja.

Mafundi wa humu nikosoeni kwenye ufundi, nitasoma zote. Anayetaka kuniambia ningevumilia, aseme kwanza mtoto wake alikuwa amekaa wapi.

Leo nimepeleka malalamiko kwa mkuu wa chuo. Dada wa masjala aliishangaa bahasha, akasema kiambatisho huwa ni karatasi. Nikamwambia agonge muhuri juu ya bahasha. Akagonga.

Barua ni hii:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUWASHWA KWA NDEGE ISIYOKAGULIWA MBELE YA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilimweleza mwalimu wa karakana mara mbili, asubuhi kuhusu injini na uwanjani kuhusu watoto. Alikataa mara zote mbili. Nakubali kuwa nilibandua stika. Naomba uchunguzi ufanyike kabla ndege hiyo haijawashwa tena, na naomba nirudishwe darasani.

Kiambatisho: skrubu moja.