Ukuta wa Jina

Nilikuwa nafundisha darasa la pili kwenye kilima kimoja juu ya Kitshanga tulipojengewa shule mpya ya matofali. Ile ya zamani ilikuwa ya mbao zilizoachana. Mvua iliingia, lakini mwanga pia uliingia, na watoto walisoma. Ile mpya ilikuja na mradi, na mradi ulikuja na injinia wa viatu vya kung'aa, ambaye ukimuuliza lolote alijibu «kitaalamu» na kukugeuzia mgongo.

Kuta zilipofika kifuani, niliona ule unaotazama barabara na bonde unapanda bila tundu hata moja. Madirisha, tena madogo, aliyapeleka nyuma, ambako kilima kilikuwa kimechongwa na udongo umesimama karibu kabisa na shule. Nikamuuliza kwa nini.

«Madame, ukuta ya mbele haiguswi. Pale njo tutaandika jina ya mradi. Muntu akipita kwa barabara, anapashwa kuisoma.»

«Na batoto basomee wapi?»

«Batoto bako na macho mazuri. Batazoea.»

Direkta wetu, mkuu wa shule, alikuwa pembeni, akitikisa kichwa kukubali. Mtu huyo angekubali hata shule isiyo na mlango, ilmradi aitwe kupigwa picha.

Siku ya ufunguzi mvua iliwakimbiza wageni kutoka uwanjani, wakajibana darasani kwangu. Tulipofunga madirisha ya bati kwa sababu ya upepo, giza likatumeza. Mkubwa wao alifungua hotuba yake, akaisogeza puani, akaisogeza mbali, akakohoa. Injinia akamwashia taa ya simu. Hivyo ndivyo tulivyosomewa sifa za darasa la kisasa, msomaji akimulikwa kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Wakapiga makofi. Direkta alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Ukungu wa asubuhi ulipoanza, watoto wa nyuma waliacha kabisa kunakili. Msichana mmoja hodari aliniandikia ukurasa mzima wa mistari ya kujipinda, isiyo na herufi hata moja. Nilipomuuliza, akasema, «Madame, nilisikia chaki inatembea, na mimi nikaandika.»

Nilipeleka daftari lake kwenye mkutano wa wazazi. Direkta akaomba tusiwaudhi wafadhili. Mama wa yule msichana akasimama: «Papa Direkta, basi weye njo ukae mule na batoto, siye tukuangalie.» Jumamosi hiyo wazazi walikuja na nyundo na mitaimbo. Mwashi mmoja kati yao aliweka mbao za kushikilia juu, wakatoboa madirisha mapana katikati ya maandishi makubwa ya buluu ya jina la mradi.

Injinia alirudi kupiga picha, akashika kichwa. «Munaharibu jina!»

«Ingia kwanza uone darasa,» nikamwambia.

Hakuingia. Alihangaika barabarani akitafuta mahali ambapo herufi zilizobaki zingeonekana zimekamilika, akakosa, akapanda pikipiki yake.

Ofisi ya direkta haikutobolewa, maana hakutaka. Baada ya wiki chache alikuja darasani kwangu na meza yake, akasema kule macho yanamuuma. Nikamwonyesha kona ya nyuma kabisa. Nafasi za dirishani, nilimwambia, ziko na wenyewe.